Vifuniko Arobaini vya Pampu

Nikisikia mtu anasema kazi ya binti wa dada yangu inafanywa na kompyuta, na kwamba yeye anabonyeza tu, damu inanichemka. Huyo mtu aje akae kwenye kile kiti siku moja tumwone. Kompyuta haijui kitu. Ukiichorea duara, itakuonyesha duara, na itabaki nalo hivyo hivyo mpaka umeme ukatike. Anayejua kwamba duara lile litakuwa bomba, au gurudumu, au kifuniko cha pampu, ni yule msichana mwembamba aliyekaa mbele yake na sweta begani.

Kiwandani wanamwita Unene. Mgeni akisikia jina hilo kisha akamwona mwenyewe, hucheka mpaka akajishika mbavu. Alipewa na mafundi wa tanuri kwa sababu ya swali lake. Mteja anakuja na karatasi yenye mchoro wa sura ya mbele tu, bapa kama chapati, anadai atengenezewe kitu kama hicho. Yeye anaitazama, anauliza, "Unene wake?" Mteja anakuna kichwa. "Wa kawaida." "Kawaida ya nani?" anamuuliza. Hapo mteja anarudi kwake kuchukua vipimo, tena bila kuaga.

Mimi ni mama yake mdogo, na ni mtunza stoo katika kiwanda hicho hicho cha kusubu vyuma. Baba yake, shemeji yangu, alikuwa fundi wa mifano. Kabla hatujamimina chuma, lazima mtu achonge kwa mbao umbo la kitu kinachotakiwa. Mbao hiyo inashindiliwa kwenye mchanga, inatolewa, na shimo linalobaki ndilo linalojazwa chuma kilichoyeyuka. Shemeji alichonga maumbo hayo kwa miaka thelathini na mmoja. Na kwa miaka yote hiyo alikuwa akipita stoo kuchukua gundi na msasa, ananiambia, "Shemeji, leo umependeza, nani amekufa?" Nami namjibu kwamba hajafa bado, nimekuja kumpima jeneza.

Binti yake alikulia chini ya meza ile ya kuchongea. Alipokuwa mdogo alikuwa akikata maboksi ya dawa ya meno na kuyakunja upya yawe nyumba, magari, vitanda. Alipomaliza chuo akaletwa ofisini kwetu, akapewa kompyuta yenye programu ya usanifu, na mimi nikawa nakwenda kula chakula changu cha mchana pembeni yake ili nione. Anachora kwanza mstari wa ukingo, bapa. Halafu anaushika na kuuvuta juu, na pale pale kile kilichokuwa alama ya karatasi kinakuwa kipande kizito chenye mgongo na tumbo. Mara nyingine anachora nusu tu ya umbo, anaizungusha kwenye mhimili, linatoka gurudumu zima lenye mfereji wa mkanda. Mara nyingine anachukua duara dogo analitembeza juu ya mstari uliopinda, linatoka bomba. Mstari wa ukingo usipofungana, hata ukibaki mwanya kama wa unywele, programu inakataa kuujaza. Siku moja alitafuta mwanya wa namna hiyo kuanzia asubuhi mpaka saa nane, akakataa hata chai. Nilimwambia aache, hakuna atakayeona. Akanijibu, "Mimi nimeshaona, mama mdogo."

Huyo ndiye waliyetaka kumfukuza kwa uzembe.

Hasira yangu ianzie panapostahili, yaani kwa meneja. Nyuma yake tunamwita Bwana Haraka. Huyu ni mtu anayetoa amri akiwa anatembea, mgongo wake ndio unaokusikiliza. Ilikuja oda ya vifuniko arobaini vya pampu za maji, vya duara, na matundu ya boliti kuzunguka ukingo. Sasa, chuma kikipoa hunywea. Kila fundi wa kusubu anajua hilo, kwa hiyo mfano wa mbao huchongwa ukiwa mkubwa kidogo. Shemeji alikuwa na rula yake maalumu kwa kazi hiyo, ambayo sentimita zake zimerefushwa kidogo tangu ilikotengenezwa. Unasoma kipimo cha kawaida kwenye mchoro, unapima kwa rula ile, na nyongeza inaingia yenyewe. Ndivyo ilivyofanyika miaka yote.

Bwana Haraka akaamua kubadilisha. Alimkuta Unene koridoni, akamwambia kuanzia oda hii nyongeza ya kunywea iwekwe kwenye kompyuta, kwa sababu kiwanda kitanunua mashine ya kuchonga mifano yenyewe. Msichana akamuuliza, "Na karakana ya mbao wanajua?" Akasema, "Nitawatangazia mimi mwenyewe." Kisha akaondoka na mgongo wake. Hakumtangazia hata paka.

Unene akafanya alivyoagizwa. Akachora, akavuta, akazungusha, akaongeza nyongeza, akachapa mchoro, na kwenye kona ya chini akaandika: nyongeza ya kunywea imeshawekwa, tumia rula ya kawaida. Siku hiyo hiyo wakamtuma kwa mteja mwingine kupima mashine, akakaa huko siku nne. Shemeji akaupokea mchoro, akatoa rula yake ndefu, akapima kama alivyozoea. Nyongeza ikaingia mara mbili. Desturi yetu ni kumimina kimoja kwanza, tukipime, ndipo tuendelee na vingine. Bwana Haraka akasema hakuna muda wa sampuli. Wakamimina vyote arobaini.

Mteja akavirudisha vyote. Boliti haziingii. Milimita nne zimezidi ukingo hadi ukingo, na milimita nne kwenye pampu ni sawa na kilomita. Vikamwagwa nje ya mlango wa stoo yangu, arobaini, vikizuia toroli. Bwana Haraka akaja, akavitazama kwa muda wa kupepesa jicho, akaanza kutafuta mchawi. Hakumtafuta mbali. "Si ndiye aliyechora?" akasema. "Vipimo vimetoka kwenye kompyuta yake. Jumatatu tunakaa kikao, na awe na barua yake ya kujieleza. Asipojieleza ataondoka."

Nilifura. Nikasubiri msichana apande juu, agonge meza, aonyeshe ule mchoro. Ijumaa ikapita. Alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, mbele yake karatasi ya barua haina hata neno. Nikaona huyu mtoto ameshikwa na woga, acha nimsaidie. Kila mfano wa mbao ukimaliza kazi hurudi stoo pamoja na mchoro wake, na faili ni langu. Nikalifungua. Nikausoma ule mchoro kuanzia juu mpaka chini, nikayakuta yale maneno ya kona. Nikaelewa yote, na nikawa na furaha mbaya, furaha ya mtu aliyepata fimbo.

Nikaenda nayo mbio hadi kwake. "Umeokoka," nikamwambia. "Haya maandishi hapa."

Hakushangaa. Aliinuka, akafunga mlango.

"Rudisha kwenye faili, mama mdogo."

"Nirudishe vipi? Hii ndiyo kazi yako iko mkononi mwangu!"

"Najua kilichoandikwa. Nimeandika mimi. Ukiutoa huo mchoro watauliza kwa nini baba hakusoma."

"Na kwa nini hakusoma?"

Akasema polepole, kama anayemwambia mgeni kuhusu ugonjwa wa nyumbani. "Baba haoni. Ni mwaka na zaidi sasa. Nambari namchapia kubwa, hujaziona? Zile anaweza. Hii fremu ya kona ni ya ofisi, siwezi kukuza maandishi yake. Kila asubuhi napita karakana, namsomea kama vile tunapiga porojo. Wiki ile nilikuwa sipo."

Nikaangalia mchoro. Ni kweli, nambari zilikuwa kubwa kama za kalenda ya ukutani. Mimi nilidhani ni mtindo tu. Na rula ile shemeji alikuwa akiisoma kwa ukucha wa kidole gumba, akihesabu mikato yake. Nilimwona akifanya hivyo mara mia, nikamtania kwamba anaibembeleza.

"Amebakiza miezi saba astaafu," akasema Unene. "Asimame pale mbele ya vijana aliowafundisha aambiwe ni kipofu? Nakuomba, mama mdogo. Sijawahi kukuomba kitu."

Nikarudisha mchoro kwenye faili. Lakini nasema wazi, sikukubali. Nilikwenda nyumbani na hasira, nikaosha vyombo kwa hasira mpaka mume wangu akaniuliza vile vyombo vimenikosea nini. Niliwakasirikia wote. Meneja, kwa mdomo wake wa koridoni. Shemeji, kwa kiburi chake, kwamba mtu mzima ashindwe kusema jamani, macho yangu yamechoka. Na yule msichana pia, kwa kujitolea kubeba gunia la misumari kana kwamba ni begi la shule.

Jumatatu tukakusanyika karakana ya mbao, kwa sababu ndipo penye nafasi. Bwana Haraka alisimama, hakukaa. Fundi wa tanuri alikuwepo, na vijana wa mchanga, na shemeji kwenye kigoda chake na vumbi la mbao kwenye nyusi. Unene alisimama karibu na mlango. Barua yake ilikuwa na mstari mmoja: vipimo vilikosewa, naomba radhi.

Bwana Haraka akaisoma kwa sauti, akamgeukia shemeji. "Mzee, wewe una uzoefu. Unasemaje?"

Na shemeji, Mungu amsamehe, akasema! "Mimi nimepima kwa rula yangu, kama nilivyopima tangu hamjazaliwa. Mkono wangu haujakosea. Hizi kompyuta ndizo zinazoharibu watoto. Anavuta vitu hewani, hajui uzito wake." Alisema bila ubaya, kama baba anayemkanya bintiye. Hakujua anachokifanya. Nilimtazama Unene, nikamwona anatikisa kichwa kukubali. Anakubali! Amesimama pale anachinjwa na baba yake mzazi, na bado anampokelea kisu.

Mori ukanipanda. Nilitoka, nikaenda stoo, nikalitoa faili, nikarudi. Unene aliniona na mchoro mkononi, akafumba macho.

"Shemeji," nikasema, "soma hapa kwenye kona."

Nikamwekea mchoro magotini. Shemeji aliuchukua, akausogeza mbali, akauleta karibu, akaugeuza kidogo kwenye mwanga wa dirisha. Nilianza kujuta nikiwa bado sijatoa mkono. Kisha akakohoa, akasoma kwa sauti ya kujiamini:

"Vipimo vyote ni kwa milimita."

Hayo hayakuwepo pale. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakiandikwa kwenye kona hiyo zamani, wakati yeye bado anaona. Fundi wa tanuri alikuwa amesimama nyuma ya bega lake na alikuwa ameshasoma kilichoandikwa. Akainamisha macho chini. Bwana Haraka akanyoosha mkono. "Hebu niuone."

Unene akawahi. Akauchukua mchoro, akaukunja. "Ndivyo ilivyoandikwa," akasema. "Vipimo vyote ni kwa milimita. Baba amesoma sawa."

Shemeji akaugeuza uso wake pale sauti ilipotoka. Mtu anaweza kuwadanganya watu wote kuhusu macho yake, lakini yeye mwenyewe alijua kwamba kwenye ile karatasi hakuona hata herufi moja. Alijua amekisia. Sasa binti yake anamwambia amesoma sawa.

Kisha akasema, "Mwanangu ananistiri." Akatafuta ukingo wa meza kwa mkono, akasimama. "Sioni, meneja. Sijui pale pameandikwa nini. Nisomeeni."

Fundi wa tanuri akayataja kwa kichwa maneno aliyokuwa ameshayasoma, kwa sababu Unene hakuweza. Shemeji aliposikia maneno ya rula ya kawaida, akaitoa ile rula yake mfukoni, akaiweka mezani, akasema, "Basi ni mimi. Arobaini vyote ni vyangu." Kijana mmoja wa mchanga alianza kulia bila kujificha.

Sasa sikieni alichofanya Bwana Haraka. Alipumua kama mtu aliyeshushiwa mzigo! Akapiga makofi mara moja, akasema, "Vizuri, tumepata jibu. Binti arudi kazini. Mzee, pole sana, utaandikiwa barua yako leo. Tusipoteze muda."

Akageuka aondoke.

"Ngoja kwanza," akasema Unene.

Sijawahi kumsikia akiinua sauti, na hata siku hiyo hakuiinua. Aliukunjua mchoro, akaushikilia mbele ya kifua cha meneja. Kidole chake hakikuwa kwenye yale maandishi. Kilikuwa chini yake, kwenye kisanduku cha idhini.

"Hii ni sahihi ya nani?"

Bwana Haraka akatazama.

"Ni yangu. Nasaini michoro yote."

"Imegusa maandishi yangu. Wino wako umepita juu ya neno rula. Baba yangu hakusoma kwa sababu haoni. Wewe uliahidi utawaambia, hukuwaambia. Ukaletewa karatasi, ukaweka kalamu juu ya onyo, ukasaini. Wewe macho yako yana nini?"

Bwana Haraka alitazama mlango, na kwenye mlango sasa alikuwa amesimama fundi wa tanuri, ambaye ni mtu mpana, na hakusogea.

"Nilikuwa na haraka," akasema meneja.

"Basi andika hivyo kwenye barua," akasema Unene, "badala ya jina la baba."

Na akaandika. Siyo kwa kupenda, na siyo neno kwa neno, lakini watu kumi na wawili walikuwa wamesikia, na barua iliyokwenda juu ilisema utaratibu mpya haukutangazwa na sampuli haikupimwa. Vifuniko vikarudi tanurini. Yeye bado ni meneja, msinidhanie nasimulia hadithi za watoto. Wiki iliyofuata alinipita koridoni akanisalimia kwa jina langu kamili, nami sikuitika.

Shemeji hakungoja ile miezi saba. Hakufukuzwa na mtu. Jioni ile ile alikusanya randa na patasi zake, akazifunga kwa kitambaa, akawapa mkono vijana mmoja mmoja, akihesabu njia kwa kugusa meza. Mimi alinipita bila kusema neno. Nilitaka anitukane, ingekuwa afadhali.

Nilimkuta Unene getini, anamsubiri baba yake amalize kuagana na mlinzi. Nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa. Ndiyo, nasema ukweli, nilikuwa nimejiandaa.

"Nilikuomba kitu kimoja," akaniambia.

"Ningekuacha ufukuzwe? Kwa kosa lisilo lako?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, una akili timamu? Miaka yote ile ya chuo, kazi yako, jina lako..."

"Kazi ningepata nyingine," akasema. "Kila mwenye karatasi bapa anamtafuta mtu kama mimi. Baba alikuwa amebakiza kitu kimoja tu, na umekichukua ukamwekea magotini mbele ya watu."

Nikamjibu kwamba ningefanya tena, hata kesho. Nilisema kwa hasira na nilimaanisha, na mpaka leo sijabadilika. Mzee akafika. Unene akamshika mkono juu ya kiwiko na kumwambia, "Hatua mbili, kisha ngazi," wakashuka, wakaenda zao. Walipofika barabarani nilimsikia akimsomea baba yake mabango ya maduka, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kawaida, na mtu yeyote aliweza kusikia.